Kisa cha Dalkon Shield: kitanzi kilichoharibu vizazi, na uzi uliosababisha

Mwanamke akiingia kliniki ya uzazi wa mpango akatajiwa kitanzi, kile kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi kuzuia mimba, iwe Temeke au Kisauni, mara nyingi jibu analo mdomoni: kuna fulani aliwekewa kikamwozea ndani, kuna mwingine aliwekewa hakushika mimba tena. Wahudumu wengi hulifunga suala hilo kwa kusema ni uvumi mtupu. Mimi siafiki jibu hilo. Kiliwahi kuwepo kitanzi ambacho kweli kiliwaharibia wanawake vizazi na kuwaua wengine, na habari zake zimo kwenye kumbukumbu za mahakama kwa ushahidi wa kiapo. Jina lake ni Dalkon Shield. Anayetaka kumwondolea mwanamke hofu ya kitanzi hana budi akijue kisa hiki na aweze kumsimulia kilichotokea hatua kwa hatua, maana ukikifuata hadi mwisho unaona kwamba si kila kitanzi kilichohusika. Chanzo kilikuwa namna kitanzi kimoja kilivyotengenezwa, hasa uzi wake, na watu waliokuwa na habari za uzi huo wakanyamaza.

Kilivyoingia sokoni

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vidonge vya majira vilikuwa vimeanza kuwatia wasiwasi wanawake wa Marekani. Vya wakati ule vilikuwa na homoni nyingi kuliko vya leo, na taarifa za damu kuganda kwenye mishipa zilikuwa zinaongezeka. Januari 1970 Seneta Gaylord Nelson aliendesha vikao vya Seneti kuhusu usalama wa vidonge hivyo. Mmoja wa mashahidi alikuwa Dk. Hugh Davis, aliyeongoza kliniki ya uzazi wa mpango ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, naye alivishambulia vidonge waziwazi. Mwezi uliofuata jarida la madaktari wa wanawake la Marekani likachapisha makala yake: kitanzi kipya, wanawake 640, mimba asilimia 1.1 tu.

Kitanzi chenyewe kilikuwa kimebuniwa mwaka 1968 na Davis pamoja na mhandisi Irwin Lerner. Davis alikuwa na hisa katika kampuni iliyokimiliki, na makala haikulitaja hilo. Halafu wanawake wale walifuatiliwa kwa wastani wa chini ya miezi sita, na baadhi yao walikuwa wameshauriwa watumie pia povu la kuua mbegu. Mwanamke aliyefuatiliwa miezi mitano hajafika hata nusu ya mwaka ambao asilimia ile inadai kuueleza, na anayetumia povu juu ya kitanzi hawezi kutuambia kitanzi peke yake kina nguvu gani. Madaktari wengine walipokuja kukipima wenyewe walipata mimba kufikia asilimia 5 kwa mwaka, na wengine walipata zaidi ya hapo.

Juni 1970 kampuni ya dawa ya A.H. Robins ya Richmond, jimboni Virginia, iliyojulikana zaidi kwa dawa ya kikohozi ya Robitussin, ilinunua haki za kitanzi hicho kwa dola 750,000 pamoja na asilimia 10 ya mauzo. Haikuwa imewahi kuuza njia yoyote ya uzazi wa mpango. Sheria ya Marekani wakati ule ilitaka dawa ithibitishwe kuwa ni salama kabla ya kuuzwa, lakini kifaa cha tiba hakikubanwa na sharti hilo, na kitanzi kilihesabiwa kuwa kifaa. Basi Januari 1971 kikawa sokoni nchi nzima, kikitangazwa hata kwa wanawake ambao hawajazaa. Kufikia 1974 kilikuwa kimewekewa Wamarekani wapatao milioni 2.2.

Uzi

Kila kitanzi kina uzi unaoshuka kutoka mfuko wa uzazi, ukapita mlango wa kizazi na kuishia ukeni. Kwa uzi huo mwanamke hujikagua kwa kidole kama kitanzi kipo, na mhudumu huushika siku ya kukitoa. Ukeni kuna bakteria siku zote, na huo si ugonjwa. Juu, ndani ya mfuko wa uzazi, bakteria hao hawatakiwi, na kinachowazuia wasipande ni ute mzito unaoziba mlango wa kizazi. Uzi wa kitanzi unapita katikati ya ute huo. Vitanzi vingine vya enzi ile vilikuwa na uzi wa plastiki wa unywele mmoja, ulioshiba, usio na uwazi ndani, kwa hiyo majimaji hayakuwa na pa kuingilia.

Dalkon Shield kilikuwa na umbo bapa lenye vijiguu vya ncha pembeni ili kisichomoke kirahisi. Kwa sababu hiyo hiyo kukitoa kulitaka nguvu, na wanawake wengi wameeleza kwamba maumivu yake yalikuwa makali mno. Uzi wa kawaida ungeweza kukatikia mkononi mwa daktari. Wakaweka uzi wa nyuzinyuzi mia kadhaa, kati ya 200 na 450, zilizokusanywa ndani ya ala nyembamba ya nailoni iliyokuwa wazi ncha zote mbili. Kati ya nyuzinyuzi zile mlikuwa na nafasi ndogo sana, na majimaji yalipanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Bakteria walipanda nayo wakiwa wamekingwa na ala, mahali ambapo ute wa mlango wa kizazi hauwagusi, wakatokea juu kwenye mfuko wa uzazi.

Ndani ya kampuni jambo hili lilijulikana mapema. Wiki chache baada ya ununuzi wa 1970, waraka wa ndani ulionya kwamba suala la uzi linahitaji kuangaliwa kwa makini. Kazi ya kuunganisha vitanzi ilipelekwa kwenye kiwanda cha tawi lililotengeneza mafuta ya midomo ya Chap Stick, na huko msimamizi wa ubora, Wayne Crowder, alijipimia mwenyewe mwaka 1971. Alichovya ncha ya uzi kwenye maji, akausubiri, akakuta maji yamepanda ndani ya ala. Alipendekeza ncha zizibwe kwa joto. Bosi wake alimwambia uzi haumhusu. Crowder akasema dhamiri yake haimruhusu kulinyamazia, akajibiwa kwamba dhamiri haimlipi mshahara. Julai mwaka huo aliandika rasmi kwa wakubwa wake. Uzi uliendelea kutengenezwa vile vile.

Kila nikisoma sehemu hii roho inaniuma. Jaribio lenyewe halikuhitaji maabara wala fedha. Ilitosha maji kidogo na uvumilivu wa saa chache, na majibu yakapatikana katika mwaka wa kwanza wa mauzo, kabla wanawake walio wengi hawajawekewa.

Wanawake walivyorudi hospitali

Wengi walirudi na maumivu chini ya kitovu yasiyokwisha, homa, uchafu wenye harufu, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Ni dalili za maambukizi ya viungo vya uzazi ndani ya nyonga. Maambukizi hayo yakifika kwenye mirija ya uzazi huacha makovu. Mirija iliyoziba haipitishi yai, na iliyoziba nusu inaweza kulinasa yai lililorutubishwa, mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi. Wako waliotolewa kizazi kizima wakiwa bado wasichana, kabla ya kupata hata mtoto mmoja, na kumbuka kwamba kitanzi hiki kilitangazwa kuwa kinawafaa wao hasa.

Jambo jingine linaloumiza ni jinsi walivyosikilizwa. Baadhi waliambiwa maumivu yapo kichwani mwao. Baadaye, waliothubutu kushtaki waliulizwa na mawakili wa kampuni maswali ya faragha kuhusu wanaume waliolala nao, ili ionekane kwamba ugonjwa waliutafuta wenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote ilimpata aliyeshika mimba kitanzi kikiwa ndani. Madaktari wengi wakati ule walikuwa wakikiacha, wakiogopa kwamba kukitoa kutaharibu mimba. Lakini mimba inapokua, mfuko wa uzazi unapanda na kuuvuta uzi. Kile kipande kilichokuwa ukeni kinaingia ndani pamoja na bakteria wake, kikakaa karibu na mtoto. Mwanamke alianza kwa homa na mwili kuuma, hali ambayo mtu angeidhania mafua. Kisha maambukizi yakasambaa kwenye damu kwa kasi iliyowashangaza hata madaktari waliokuwa pembeni ya kitanda.

Daktari aliyeunganisha matukio hayo ni Donald Christian wa Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson. Mwaka 1973, baada ya mjamzito mmoja kufa, alianza kukusanya taarifa za vifo vya namna hiyo, akaiarifu kampuni, na Juni 1974 makala yake ikachapishwa. Mwezi mmoja kabla, kampuni ilikuwa imewaandikia madaktari zaidi ya 100,000 ikiwashauri wakitoe kitanzi pale mwanamke anapogundulika kuwa na mimba. Tarehe 28 Juni 1974, kwa ombi la mamlaka ya dawa ya Marekani, mauzo ndani ya nchi yalisitishwa. Vifo vilivyohusishwa na kitanzi hicho nchini Marekani vilifika takriban 20.

Kusitisha mauzo hakukuwatoa wanawake kwenye hatari. Aliyekuwa nacho alibaki nacho. Barua ya kuwashauri madaktari wakitoe kwa kila mwanamke ilikuja Septemba 1980, na matangazo kwa wanawake wenyewe, kampuni ikijitolea kulipia gharama za kukitoa, yalikuja Oktoba 1984. Miaka kumi ilipita kati ya kufunga duka na kumwambia mteja.

Vilivyosafirishwa nje

Jumla ya vitanzi takriban milioni 4.5 vilisambazwa katika nchi 80 hivi. Sehemu ya vile vya nje vilinunuliwa na shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, kwa ajili ya programu za uzazi wa mpango katika nchi maskini. Kampuni iliviuza kwa punguzo la asilimia 48, na punguzo hilo lilikuwa na maana yake: vilikuja kwa shehena bila kutakaswa, tofauti na vya Marekani ambavyo kila kimoja kilikuwa kwenye pakiti yake safi. Mhudumu wa kijijini alitegemewa avitumbukize kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumwekea mama. Uzi wenye mamia ya nyuzinyuzi, uliofunikwa kwa ala, hauwezi kuaminiwa kuwa umesafishika kwa kutumbukizwa tu. Vifaa vya kuwekea vilikuwa 10 kwa kila vitanzi 100, na maelekezo seti moja kwa vitanzi 1,000, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania.

Mwaka 1975 USAID ilivirudisha vile ambavyo bado vilikuwa ghalani. Vilivyokwisha kuwekwa kwenye miili ya watu havikuwa na daftari la kuvifuatilia. Mwanamke aliyepata homa kijijini, akapoteza mimba au akakosa mtoto miaka yote iliyofuata, hakuwa na njia ya kujua kitanzi chake kiliitwaje. Nadhani masimulizi mengi yanayoitwa uvumi leo, katika nchi nyingi, yalianzia kwa wanawake wa namna hii, walioona kwa macho yao na hawakuelezwa na mtu.

Mahakamani

Kesi zilikuwa maelfu. Tarehe 29 Februari 1984, huko Minneapolis, Jaji Miles Lord aliwaita mbele yake wakubwa watatu wa Robins na kuwakaripia kwa maneno makali, akiwataka wahakikishe vitanzi vilivyobaki kwenye miili ya wanawake vinatolewa. Mahakama ya rufaa baadaye iliyafuta maneno hayo kwenye kumbukumbu kwa hoja za utaratibu. Lakini miezi michache baada ya karipio, wakili wa zamani wa kampuni, Roger Tuttle, alitoa ushahidi wa kiapo kwamba mwaka 1975, baada ya kushindwa kesi ya kwanza, nyaraka zilizohusu uzi ziliharibiwa. Kampuni ilikanusha.

Agosti 1985 Robins iliomba kinga ya ufilisi, yaani mahakama iikinge na wanaoidai. Waliotangaza madai walizidi 300,000, mahakama ikakadiria fidia yote kuwa dola bilioni 2.475, na mwaka 1989 kampuni ikachukuliwa na American Home Products. Mdai ambaye hakuwa na cheti cha hospitali cha kuthibitisha alichowekewa aliweza kuchukua malipo ya mkato ya dola 725 na kumaliza. Wengi walichukua hizo.

Sheria nayo ilibadilika. Mei 1976 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyoipa mamlaka ya dawa ya Marekani nguvu ya kudai ushahidi wa usalama wa vifaa vya tiba kabla havijauzwa.

Kosa lilikuwa la nani: la kitanzi au la uzi?

Daktari Howard Tatum wa Population Council, shirika la Marekani linalotafiti mambo ya uzazi wa mpango, alizichunguza nyuzi za Dalkon Shield katika maabara na mwaka 1975 akachapisha matokeo: ndani ya ala mlikuwa na bakteria, na nyuzi za vitanzi vya unywele mmoja hazikuwa hivyo. Watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani walipolinganisha wanawake hospitalini, mwaka 1983 waliripoti kwamba aliyekuwa na Dalkon Shield alikuwa na hatari ya maambukizi ya nyonga mara 8.3 ya yule asiyetumia njia yoyote, na kwa vitanzi vingine ilikuwa mara 1.6. Wapo waliopinga hesabu hizo baadaye, wakisema njia ya kuwalinganisha wanawake ilikuwa na kasoro na hatari ilikuzwa. Hoja zao ni za kitaalamu na zinastahili kusomwa, ila zinahusu ukubwa wa hatari. Maji ya Crowder na darubini ya Tatum vinabaki palepale.

Kwa vitanzi vya kisasa tunao ushahidi bora zaidi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 1992, kutoka kwa wanawake 22,908 waliowekewa vitanzi, zilionyesha maambukizi ya nyonga 1.6 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka. Hatari ilikuwa zaidi ya mara sita katika siku 20 za mwanzo, kisha ikashuka na kubaki chini miaka yote. Ukiangalia siku hizo 20 unaelewa tatizo liko wapi: linaingia wakati wa kuweka, kwa mikono au vifaa visivyo safi, au kwa mwanamke ambaye tayari ana magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono bila kujua. Utafiti wa Meksiko wa mwaka 2001 ulikwenda mbele zaidi. Wanawake wenye mirija iliyoziba hawakuwa wametumia kitanzi cha shaba zaidi ya wenzao. Kilichowatofautisha ni alama za klamidia katika damu.

Tatum huyo huyo ndiye aliyebuni umbo la herufi T, na Jaime Zipper wa Chile ndiye aliyegundua kwamba shaba ndani ya mfuko wa uzazi inazuia mimba. Kazi yao ilizaa kitanzi cha shaba cha T 380A, ambacho ndicho mama atakachokutana nacho zaidi katika vituo vyetu. Uzi wake ni wa unywele mmoja.

Anachopaswa kuambiwa mama leo

Kitanzi cha shaba kina maudhi yake, na kuyaficha ni kurudia kosa lile lile kwa kiwango kidogo. Hedhi huwa nzito na ndefu zaidi, na tumbo husokota, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Kwa wengi hupungua. Dawa kama ibuprofeni husaidia maumivu na hupunguza damu kiasi. Mwanamke ambaye tayari ana upungufu wa damu asiambiwe tu avumilie: apimwe wingi wa damu, apewe vidonge vya madini ya chuma, na kama hali haibadiliki afikiriwe kitanzi cha homoni, ambacho hupunguza hedhi na wakati mwingine huikatisha kabisa, ingawa huja na matone ya damu yasiyo na mpangilio miezi ya mwanzo.

Kitanzi kinaweza kuchomoka chenyewe, zaidi katika mwaka wa kwanza, ndiyo maana ya kujikagua uzi baada ya hedhi. Mara chache sana, mmoja au wawili kati ya 1,000, kinatoboa ukuta wa mfuko wa uzazi wakati wa kuwekwa. Mwenye usaha kwenye mlango wa kizazi, klamidia au kisonono hatakiwi kuwekewa mpaka atibiwe. Na ikitokea mimba huku uzi unaonekana, kitanzi kitolewe mapema baada ya mama kuelezwa hatari za kukitoa na za kukiacha. Ushauri huo ulilipiwa kwa maisha ya wanawake wa miaka ya 1970.

Dalili za kurudi kituoni bila kungoja tarehe ya kadi ni homa yenye maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, hedhi iliyopita siku zake, uzi uliopotea au uliorefuka ghafla, na kitu kigumu kinachoguswa kwenye mlango wa kizazi. Mhudumu anayempokea aandike malalamiko yake kama alivyoyasema, pamoja na aina ya kitanzi na tarehe ya kuwekwa, na nakala ya hayo ibaki kwenye kadi ya mama mwenyewe. Akisema anataka kitolewe, kitolewe siku hiyo hiyo, bila kudaiwa sababu wala ruhusa ya mume.